Bustani ya shule kwenye udongo mweusi wa Embakasi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne katika shule moja ya msingi huku Embakasi, Nairobi. Nina wanafunzi 48 na kipande cha ardhi cha mita 6 kwa 4 kando ya ukuta. Mwaka jana tulipandikiza sukuma wiki mwezi wa Machi. Mvua ilipokolea shamba likawa tope na miche ikageuka manjano, hata baada ya kuongeza mbolea ya dukani. Iliyosalia ikakauka likizo ya Agosti. Isitoshe, watoto wengi walikuwa wakisimama tu wakiwatazama wenzao wachache wenye majembe. Wazazi wawili wamekubali kunisaidia Jumamosi. Nianzie wapi?"

Mwalimu, miche yako haikufa njaa. Ilikosa hewa. Udongo mweusi wa Embakasi, kama ule wa tambarare zote za kuelekea Mto Athi, ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukishavimba, vipenyo vinavyopitisha hewa hujiziba, maji hutuama na mizizi huanza kuoza. Mmea wenye mizizi iliyooza hauwezi kufyonza naitrojeni, kile kirutubisho cha mbolea kinachoyapa majani rangi ya kijani, hata ukiumwagia gunia zima, na sehemu ya naitrojeni hiyo hupotea hewani udongo ukishajaa maji. Ndiyo maana mbolea ya dukani haikurudisha rangi ya majani. Mwenzako wa Kabete au Karen, mwenye udongo mwekundu unaopitisha maji, angefanya vilevile ulivyofanya na huenda angevuna.

Tatizo la pili ni kalenda. Sukuma wiki ni mboga ya kuchumwa miezi mingi mfululizo na haijui likizo. Bustani ya shule hufaa mazao yanayopandwa muhula ukianza na kuliwa kabla ya kufunga. Kwa hiyo anza na udongo, kisha kalenda ya mihula, na duka la mbegu liwe la mwisho. Watu wengi huenda kinyume: hununua mbegu kwanza, halafu hutafuta pa kuziweka.

Kabla jembe halijagusa ardhi, waache watoto waujue udongo wenyewe. Jaza chupa ya kioo au ya plastiki angavu udongo hadi thuluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia chembe chache za sabuni ya unga, funika na utikise dakika tatu. Mchanga hutulia chini ndani ya dakika moja hivi, tabaka la kati hufuata katika saa chache, na mfinyanzi unaweza kubaki ukielea siku nzima na zaidi. Watoto wapime kila tabaka kwa rula. Ukipata mtu wa kukuletea mfuko wa udongo mwekundu kutoka upande wa Kikuyu, weka chupa mbili kando kwa kando na uwaachie watoto waseme wenyewe ni udongo gani utakaotuamisha maji.

Usidanganyike ukanunua mchanga ili kulegeza udongo huu. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauleti nafuu. Ili ufaulu ungelazimika kubadilisha karibu nusu ya udongo wote. Kinachosaidia ni samadi iliyooza na mboji, pamoja na kuinua matuta ili maji yawe na pa kwenda. Samadi ya ng'ombe au mbuzi hupatikana kwa wafugaji wa Ruai na Njiru. Iwe imekaa angalau miezi mitatu: ikishikwa isiwe na joto, isinuke mkojo, na ivunjike mkononi. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na pia hubeba vijidudu ambavyo hutaki viguse mboga za majani zinazolimwa na watoto.

Sasa vipimo. Mkono wa mtoto wa miaka tisa au kumi hufika sentimita 45 bila kukanyaga, kwa hiyo tuta lisizidi upana wa sentimita 90. Kwenye mita 6 zako yanaingia matuta manne yenye njia tatu za sentimita 50 katikati, na unabaki na kama sentimita 90 za kuweka rundo la mboji na mtungi wa maji. Kila tuta liwe na urefu wa mita 3.5, ukiacha nusu mita kati ya tuta na ukuta. Nafasi hiyo usiipande: chini ya kuta huwa kuna saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi, na saruji hubadilisha udongo hadi majani yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kama rangi kuukuu inabanduka ukutani, hiyo ni sababu nyingine ya kukaa mbali, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Kila tuta ligawe mara mbili kwa kamba. Hapo unapata vipande vinane, kila kimoja kina kikundi cha watoto sita, watatu upande huu na watatu upande ule. Hao ndio wanafunzi wako 48, na hakuna anayesimama kutazama.

Kuinua matuta ni kazi ya wazazi, na siku ya kuifanya huamuliwa na udongo. Mfinyanzi mweusi ukiwa mkavu ni jiwe. Ukiwa umelowa hushikamana na jembe, na kila pigo linaukandamiza zaidi. Chukua konzi moja, uifinyange iwe mpira, kisha uibonyeze kwa kidole gumba. Ikimeguka vipandevipande, lima. Ikinyooka kama utepe unaong'aa, subiri. Kwa kawaida unapata siku chache tu za hali nzuri baada ya mvua kukatika. Watumie jembe la meno, wachimbe kina cha sentimita 20, waokote vioo, misumari na vipande vya matofali, kisha wachote udongo wa kwenye njia na kuurundika juu ya matuta hadi yafike kimo cha sentimita 25 au 30. Changanya wilibaro mbili za samadi katika kila tuta, yaani wilibaro nane kwa bustani nzima. Njia ziteremke kidogo kuelekea upande mmoja na ziishie kwenye mfereji. Bila mfereji huo, matuta yatakuwa visiwa ndani ya dimbwi.

Tazama pia kivuli. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ukuta wa mita 2 ulio upande wa kaskazini wa bustani hutupa kivuli cha karibu sentimita 90 wakati jua liko juu kabisa mwezi Juni, kama saa sita na nusu mchana, na huo ndio msimu wa baridi ambapo mimea inalilia jua. Simamisha kijiti cha mita moja katikati ya bustani, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila saa, na warudie zoezi hilo mara moja kila muhula. Kokoto za Machi na za Juni hazitakuwa mahali pamoja, na hapo somo la jua linakuwa limeingia bila ubao.

Tukija kwenye kalenda, muhula wa kwanza, Januari hadi mwanzoni mwa Aprili, huanza kwenye kiangazi kikali. Usipande sana. Huo ni wakati wa mboji, wa kukusanya samadi, na wa kuinua matuta mara mvua za kwanza za Machi zikilainisha ardhi. Muhula wa pili ndio wako hasa: unafungua masika yakiwa bado yanaendelea na una wiki nyingi za kutosha. Muhula wa tatu ni mfupi, kama wiki tisa, na mwanzo wake ni mkavu; panda figili na terere tu, maana mboga inayohitaji miezi miwili itawakuta mmefunga.

Kwa muhula wa pili ningepanda hivi. Vikundi viwili vipande terere, viwili kunde za majani, viwili dania na viwili figili. Mazao haya manne yana faida moja kubwa kwa watoto: kila moja huota kwa namna yake na kwa kasi yake, na kikundi kina sababu ya kwenda kuchungulia cha jirani.

Figili ni ya kuwatia watoto moyo, kwa sababu huota ndani ya siku nne au tano na hung'olewa baada ya wiki nne hadi tano. Mbegu iingie kina cha sentimita moja, nafasi ya sentimita tano, mistari ikiachana sentimita 15. Ikibanana hutoa majani matupu bila kiazi, na hilo ndilo kosa la kawaida kabisa. Ikichelewa kung'olewa hupasuka na kuwa kali.

Terere ina mbegu ndogo mno, na mtoto akiachiwa atamwaga kiganja kizima mahali pamoja. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na kikombe kimoja cha mchanga mkavu. Hicho kinatosha kipande cha kikundi kimoja. Chora mifereji myembamba yenye kina cha nusu sentimita, ikiachana sentimita 25, nyunyiza mchanganyiko huo, kisha funika kwa mboji iliyochekechwa, si kwa udongo mweusi wenyewe. Udongo mweusi ukipigwa na mvua na kukaushwa na jua hutengeneza gamba gumu ambalo mche wa terere hauwezi kulipasua, na mwalimu akadhani mbegu ilikuwa mbovu. Baada ya wiki tatu anzeni kupunguza miche hadi ibaki nafasi ya sentimita 10, na hiyo iliyong'olewa ndiyo mboga yenu ya kwanza. Panda mapema, wiki ya pili ya muhula, kwa sababu terere hupenda joto na ikifika Juni na Julai hudumaa.

Kunde ni mbegu kubwa, rahisi kwa vidole vya mtoto: kina cha sentimita tatu, mbegu mbili kwa shimo, nafasi ya sentimita 15 na mistari ya sentimita 30. Majani machanga huchumwa kuanzia wiki ya nne hivi. Mng'oe mche mmoja kwa uangalifu mwishoni mwa muhula, muoshe mizizi, muone vinundu vidogo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha kina rangi ya waridi ndani.

Dania huwachelewesha wengi. Ile punje ya duara mnayoiona ni mbegu mbili ndani ya ganda moja. Iviringishe chini ya chupa hadi igawanyike, iloweke usiku mmoja, ndipo uipande kina cha sentimita moja. Huota baada ya wiki moja hadi mbili. Baridi ya Juni haiisumbui.

Neno la tahadhari kuhusu mbegu za dukani. Zikiwa na rangi ya waridi, buluu au kijani kisicho cha asili, zimepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na mtoto asizishike. Muulize mwenye agroveti mbegu zisizopakwa dawa. Za terere na kunde hupatikana bila shida. Na kama utapanda managu siku moja, watoto wafundishwe kwamba ni majani yanayoliwa, yakiwa yamepikwa. Matunda mabichi ya kijani yana sumu.

Kuhusu majembe, kwa gredi ya nne sina shauku nayo. Vijiko vikubwa kuukuu vya chuma, vijiti vilivyochongwa na kamba ya kupimia vinatosha kupanda, kupalilia na kupunguza miche. Jembe likihitajika, mpini ukatwe uwiane na kimo cha mtoto, lisiinuliwe kupita bega, na kila mtoto awe hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Maji ndiyo yanayohitaji hesabu, na hesabu hiyo ni ya watoto. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Siku ya jua kali tuta huhitaji kama lita tano kwa mita mraba. Tuta lako moja lina zaidi kidogo ya mita mraba tatu, kwa hiyo ni lita 16, na bustani nzima ni karibu lita 63: zaidi kidogo ya mitungi mitatu ya lita 20. Kila mtoto akiwa na chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo kwa msumari, chupa 48 zinatoa lita 72. Kila mmoja anamwagilia mara moja, na kazi imekwisha kabla ya kengele. Maji ya kunawia mikono yenye sabuni kidogo yanafaa yakimwagwa kwenye udongo, si kwenye majani, na yasipelekwe kwenye figili zinazoliwa mbichi.

Tengenezeni kipimamvua ili mjue siku ya kupumzika. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikate chini kidogo ya mabega, jaza kokoto hadi pale ubavu unaponyookea, tia maji hadi usawa huo na uuandike sufuri, bandika rula, kisha geuza kile kipande cha juu kiwe faneli. Kiweke wazi, mbali na paa na mti, kisomwe kila asubuhi saa mbili na maji yarudishwe sufuri. Kikisoma milimita 10, hakuna kumwagilia leo wala kesho. Kwenye mfinyanzi, kumwagilia kwa mazoea tu huua mimea mingi.

Rundo la mboji liwe la karibu mita moja kila upande. Dogo zaidi ya hapo halipati joto. Panga tabaka la majani makavu na mabua, tabaka la maganda ya jikoni na magugu mabichi, konzi kadhaa za udongo, kisha rudia. Choma kijiti kirefu hadi katikati, na baada ya siku tano mtoto akichomoe na kukishika. Kikiwa moto, rundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka, kuna maji mengi au maganda mengi, ongeza makavu na ugeuze. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Nyama, mafuta na ugali uliobaki visiingie, vinaita panya.

Sasa wadudu, na hapa nakuomba uwe mkali kuhusu mmoja. Mwishoni mwa mvua hutokea yule Nairobi flai, mdudu mwembamba wa chini kidogo ya sentimita moja, mwenye mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi. Hang'ati wala hachomi. Madhara huja akipondwa juu ya ngozi: majimaji yake huleta malengelenge siku moja au mbili baadaye, na mkono huohuo ukisugua jicho, jicho huvimba. Watoto wafundishwe kumpuliza au kumwacha apande karatasi, kisha waoshe pale alipopita kwa sabuni. Wakati wa mvua, kagua pia njia za siafu kabla ya kuwaruhusu kupiga magoti.

Vidukari wakitokea chini ya majani, vidole na maji vinatosha kwa bustani ya ukubwa huu. Wakizidi, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwenye lita tano, kinyunyiziwe jioni na mtu mzima. Dawa za kuua wadudu sizipendekezi kabisa kwenye bustani ya watoto; utaua pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao wao na mabuu yao hula vidukari. Kinyonga akionekana, mwacheni aishi.

Kama unataka kitu cha kutazamwa tu, panda mlimau mmoja kwenye ndoo kubwa kuukuu iliyotobolewa chini. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano atautafuta mwenyewe na kutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Watoto wamchore kila siku mbili hadi ajifunge kwenye kijiti. Mti utapoteza majani kadhaa, na kwa gredi ya nne hiyo ni bei ndogo sana.

Iwapo ukuta wako unapakana na barabara yenye magari mengi kama Outering, mboga za majani zitashika vumbi na moshi. Panda ua wa mimea minene upande huo, weka matandazo ili udongo usiruke, na mboga zioshwe kwa maji safi mara tatu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, hata kama hawakula.

Kuhusu likizo: kabla ya kufunga Agosti, vuneni kila kitu na mfunike matuta kwa nyasi kavu zenye unene wa sentimita saba. Nyasi hizo huzuia udongo usipasuke, na mkirudi mnapanda bila kulima upya. Mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, pandeni marando ya viazi vitamu kwenye matuta mawili, vipande vya sentimita 30, theluthi mbili ndani ya udongo, nafasi ya sentimita 30. Vitajitunza likizo ya Desemba, majani yake ni mboga, na viazi mtavichimba muhula wa kwanza, kabla ya masika. Sukuma wiki nayo ina nafasi, ila kwenye magunia karibu na jikoni au kwa mlinzi anayebaki shuleni, mtu aliyekubali kwa mdomo wake kwamba atayamwagilia na kuchuma.

Acheni mashina mawili ya terere yasichumwe. Vichwa vikikauka, watoto wavisugue juu ya gazeti na kupuliza makapi taratibu. Mbegu za shina moja ni nyingi kupita mahitaji ya bustani yenu mwaka mzima, na hazijapakwa dawa. Ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi yenye tarehe, mahali pakavu.